Wabla wa Septemba: jinsi ya kuwatazama Ridge Junction

Kwenye barabara ya milimani ya Blue Ridge Parkway, jimbo la North Carolina, Marekani, tafuta nguzo ya maili 355. Hapo ndipo barabara ya 128 inapochepuka kupanda Mlima Mitchell (mita 2,037), na kando yake kuna maegesho ya Ridge Junction. Mgongo wa mlima hapo umeshuka kidogo ukaacha pengo. Wabla, yaani vile vindege vya familia ya Parulidae vinavyokula wadudu, husafiri usiku kwenda Amerika ya Kati, Amerika Kusini na visiwa vya Karibi. Kukicha, wengi hawatulii: huendelea kusogea mti kwa mti huku wakila, kisha huvuka mgongo wa mlima penye pengo. Kwa hiyo usihangaike msituni. Simama hapo hapo, uwaache waje.

Siku nzuri ni kati ya wiki ya pili ya Septemba na mwanzo wa Oktoba, lakini tarehe si kitu bila hali ya hewa. Subiri wimbi la hewa baridi liingie na upepo ugeuke kuvuma polepole kutoka kaskazini. Usiku huo ndege huondoka kwa wingi. Jioni fungua tovuti ya BirdCast ya Maabara ya Ornitholojia ya Cornell na washirika wake, inayotumia rada za hali ya hewa kukadiria idadi ya ndege walio angani. Idadi ikiwa kubwa, weka kengele. Upepo mkali wa kusini ukivuma, lala tu. Mawingu ya chini si ya kuyaogopa, kwani huwashusha ndege hadi usawa wa macho; wanaoijua Ngulia, kule Tsavo Magharibi, wanafahamu ukungu unavyoweza kuteremsha wasafiri wa usiku. Ukungu mzito kabisa ni shauri jingine: utasikia "tsip, tsip" usione kitu.

Hakikisha barabara iko wazi kabla ya kuondoka. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliharibu sehemu nyingi za Parkway, na hali ya kila kipande huandikwa kwenye tovuti ya Huduma ya Hifadhi za Taifa. Jaza mafuta katika mji wa Asheville, maana kwenye Parkway yenyewe hakuna kituo. Vaa koti hata kama mjini kuna joto. Huku juu hupungua nyuzi 6 hivi, na asubuhi ya upepo utaiona tofauti hiyo vidoleni.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi za mbele zenye kipenyo cha milimita 42) inatosha. Ya 10x hukuza zaidi lakini hutikisika na huonyesha eneo dogo, na wabla hakai tawini sekunde tatu. Irekebishe ukiwa bado nyumbani: funika lenzi ya kulia, tazama kitu cha mbali kwa jicho la kushoto na uzungushe gurudumu la katikati mpaka kionekane wazi. Kisha funika ya kushoto, na safari hii uzungushe pete ya kurekebishia jicho la kulia, bila kugusa gurudumu. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu darubini. Ukishaitoa, usiirudishe kwenye gari lenye joto kila baada ya dakika kumi, kwani vioo baridi vitashika mvuke.

Fika jua likichomoza, ukae hadi saa nne au tano asubuhi. Lipe jua mgongo. Anza na vilele vya miti vinavyoota jua kwanza, maana wadudu huamkia huko. Tawi likitikisika, kaza macho hapo, kisha inua darubini bila kuyaondoa. Sikiliza pia makundi ya Poecile, wale ndege wadogo wenyeji wenye kofia na koo jeusi. Mara nyingi wageni huandamana nao.

Kazi ngumu ni kuwatambua. Wakati huu dume aliyekuwa na rangi kali masika huenda akawa kijani-manjano kama wenzake, tena humwoni ila tumbo. Basi soma chini ya mkia. Setophaga magnolia ana mkia mweupe wenye ncha nyeusi pana, kama uliochovywa kwenye wino. Leiothlypis peregrina, ambaye hapa hupita kwa wingi, ni wa kijani asiye na mapambo, mweupe chini ya mkia. Akiwa wa manjano hapo, mfikirie Leiothlypis celata. Wanaozua ubishi zaidi ni Setophaga castanea na Setophaga striata: wa kwanza ana miguu myeusi na rangi ya maziwa ya chai chini ya mkia, wa pili ana nyayo za manjano na weupe chini ya mkia. Bila kuona miguu wala mkia, usikate shauri.

Anayepita kasi mwandike "wabla asiyetambuliwa". eBird, tovuti ya kuandikia orodha za ndege ulioona, ina nafasi yake. Orodha yenye majina ya kubahatisha haina faida kwa yeyote.

Usicheze sauti za ndege kwenye simu. Wengi hawaimbi msimu huu, na ndege anayejazia mafuta ya safari hapaswi kupotezewa muda. Ukiegesha kando ya barabara, weka magurudumu yote nje ya lami, na usirudi nyuma kuelekea barabarani macho yakiwa juu. Shingo ikiuma, egemea boneti ya gari.