Somo: Kuchagua grisi na mafuta yasiyopasua vipuri vya plastiki

Katika kiwanda kimoja cha kufungasha vyakula huku Industrial Area, Nairobi, tulibadilisha kifuniko kile kile cha polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) mara tatu, na kila mara lawama tulimtupia aliyetuuzia. Nyufa zilianzia kwenye matundu ya bolti zikatawanyika kama miale, ilhali kifuniko hakikubeba mzigo wowote. Baadaye ndipo tulipogundua kwamba fundi wa zamu alikuwa akipuliza dawa ya kulegeza kutu kwenye bawaba za chuma zilizokuwa juu yake, na matone yakitiririka hadi kwenye bolti hizo. Naandika somo hili ili mwenzangu asipoteze vipuri vitatu kabla ya kuuliza ni mafuta gani yaliyotumika.

Hatua ya kwanza ni kuitambua plastiki kabla ya kushika mkebe wa grisi. Vipuri vingi vina alama iliyopigwa kati ya vishale viwili: >POM< ni asetali, >PA66< ni nailoni, >PC< ni polikaboneti, na maandishi GF30 yakifuata yanamaanisha kuwa imechanganywa na asilimia 30 ya nyuzi za kioo. Pasipo na alama, tia kipande kidogo majini. Polithini na polipropilini tupu huelea. Nailoni, asetali na polikaboneti huzama.

Hatua ya pili ni kujua plastiki hiyo ni ya kundi gani, na hapa naomba msomaji atulie. Asetali na nailoni zina molekuli ambazo sehemu yake kubwa imejipanga kwa utaratibu kama fuwele, kwa hiyo mafuta hayapenyi kwa urahisi, na ndiyo sababu mojawapo ya gia na bushi nyingi kutengenezwa kwazo. Polikaboneti, ABS (plastiki ngumu ya maganda ya vifaa vingi), akriliki na polistirini hazina mpangilio huo. Mafuta yasiyozifaa hayaziyeyushi kwa namna inayoonekana, bali hupenya mahali penye mkazo, yakalegeza mshikamano wa molekuli, hata mkazo ambao plastiki ingeuvumilia kwa miaka ukaipasua kwa siku chache. Mkazo huo si lazima utokane na kazi ya mashine: bolti iliyokazwa kupita kiasi, kona kali, au plastiki iliyopozwa haraka mno kwenye kalibu vyatosha.

Hatua ya tatu ni kuuliza grisi imetengenezwa kwa mafuta gani ya msingi, kwa maana rangi yake haisemi lolote. Mafuta ya kawaida ya kulainisha, yanayotokana na mafuta ghafi, hayaidhuru nailoni wala asetali, lakini huweza kuivimbisha polithini na polipropilini, hasa penye joto. Mafuta ya sintetiki ya aina ya PAO (polialfaolefini) hupatana na plastiki nyingi, nami huanza nayo. Esta na poliglikoli, ambazo nazo ni aina za mafuta ya msingi, ziwekwe mbali na polikaboneti na ABS. Silikoni hupatana na plastiki nyingi pia, ila huvimbisha oringi (pete za kuziba) za mpira wa silikoni, na ikisambaa mahali panapopakwa rangi, rangi haitashika. PFPE, mafuta ya sintetiki yenye florini, haidhuru karibu chochote. Bei yake ndiyo inayoiwekea mipaka. Viongezwa vya salfa vilivyokusudiwa gia za chuma zenye mzigo mkubwa havina faida pale plastiki inaposuguana na plastiki, kwa sababu hufanya kazi kwa kuungana na uso wa metali.

Hatua ya nne ni jaribio, na singependa mtu yeyote aliruke. Kata vipande viwili vya plastiki ile ile, vipinde juu ya bomba kwa kiasi kilekile, vifunge, kisha kimoja ukipake grisi na kingine ukiache kikavu. Viweke kwa wiki moja penye joto linalolingana na la mashine, halafu uvitazame dhidi ya mwanga. Kilichopakwa kikiwa na nyufa na kikavu kikiwa kizima, umepata jibu lako. Maabara hufanya jaribio la namna hii kwa kufuata kiwango cha ISO 22088.

Mwisho, ondoa grisi ya zamani kabla ya kupaka mpya. Polikaboneti isafishwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kamwe si kwa thina wala petroli.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (fundi wa matengenezo, Ruaraka): Mwalimu, gia zetu za nailoni zimevimba hadi zinakwama. Je, ni grisi?

Jibu: Ndugu, chunguza maji kwanza. Nailoni 6 ikilowa kabisa huweza kunyonya maji yanayokaribia asilimia 9 ya uzito wake, na vipimo vyake hubadilika. Kama mashine huoshwa kila siku, ongeza nafasi kati ya meno au uhamie asetali, ambayo hunyonya maji machache sana.

Swali (mwenye karakana, Kariobangi): Mashine yetu inagusa chakula. Kwa nini nisitumie mafuta ya kupikia?

Jibu: Mafuta hayo hushika hewa yakageuka utomvu unaonata na kukusanya vumbi, na zaidi ya hayo, kikemia ni esta. Tafuta grisi yenye idhini ya NSF H1 (daraja la vilainishi vya mashine za vyakula linalosajiliwa na shirika la NSF), lakini ukumbuke kwamba idhini hiyo inahusu usalama wa chakula kikiguswa kwa bahati mbaya, wala haisemi kwamba plastiki yako haitapasuka.

Swali (mnunuzi wa spea, Industrial Area): Muuzaji ameniambia grisi yake ni sintetiki, hivyo inafaa plastiki zote. Nimwamini?

Jibu: Mwombe karatasi ya maelezo ya bidhaa na umuulize ni sintetiki ya aina gani, kwa kuwa PAO na esta zote huitwa hivyo. Akishindwa kujibu, nunua mkebe mdogo kabisa, ukate vipande vyako viwili, usubiri hiyo wiki moja.