SOMO: Ngisi wa kuchemsha wa Kikorea, na namna ya kumla

Kila nikiweka picha ya sahani hii, swali ni lile lile: "Umefanyaje akawa laini?" Naandika leo mara moja. Niko Busan, Korea Kusini, mwaka wa nne. Ngisi huku wanamwita ojingeo, na akichemshwa kidogo tu akaliwa kwa kuchovya, anaitwa ojingeo sukhoe.

1. Vuta kichwa taratibu, matumbo yafuate. Usipasue kifuko cha wino.

2. Toa ule mfupa mwembamba kama plastiki, macho na mdomo.

3. Minyiri isugue kwa chumvi ya mawe. Vile vikombe vina vipete vigumu vinavyokwaruza ulimi.

4. Ngozi ukitaka toa, ukitaka acha. Mimi naiacha kwa ajili ya rangi.

5. Kuchemsha. Hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza niliwaalika majirani, nikamweka ngisi kwenye maji baridi, nikawasha jiko, nikamwacha robo saa nzima kama bibi alivyokuwa akichemsha pweza. Alinywea nusu, akawa kama soli ya kandambili. Mama mmoja mzee alitafuna kipande kimoja mpaka chai ikapoa, wala hakusema neno. Niliona aibu kweli.

Nyama ya ngisi hukaza upesi ikipata moto, na ikishakaza hailegei tena mpaka ipikwe nusu saa au zaidi. Kwa hiyo ni dakika mbili au ni muda mrefu, katikati hapafai. Maji YACHEMKE KWANZA, tia kijiko cha doenjang (soya iliyochachushwa) au tangawizi kukata shombo, kisha mtumbukize. Ngisi wa gramu 300 hivi: dakika moja na nusu, zisizidi mbili. Mtoe hapo hapo. Usifunike ukaenda kupokea simu.

6. Kata pete za upana wa kidole.

7. Chogochujang (mchuzi wa kuchovya): gochujang (rojo ya pilipili iliyochachushwa) vijiko 3, siki 2, sukari 1, kitunguu saumu kilichopondwa, ufuta juu.

Sasa kula. Wengi huchovya tu, na ni kutamu, lakini raha yenyewe ni kufunga: jani la kkaennip (perila, jani pana lenye harufu kali) kiganjani, pete mbili za ngisi zingali vuguvugu, kipande cha pilipili mbichi, mchuzi kidogo, unakunja na kutia kinywani tonge moja. Usiling'ate nusu, litamwagika. Ngisi akibaki, kesho mchanganye na tango, karoti, vitunguu na mchuzi ule ule, ule na tambi nyembamba za ngano zilizopozwa.

MASWALI

nahodha_tz: Dakika ngapi mkuu?
— Hatua ya 5.

nahodha_tz: Wangu nimechemsha kumi, mgumu. Nadhani kipimo chako kina kasoro.
— Nimeandika mbili, wewe umechemsha kumi. Soma tena.

Bi Chuku: Mwanangu, sisi Waislamu tuangalie nini hapo? Nasikia huko wanatia pombe kwenye maji.
— Shikamoo bibi, umeuliza la maana sana. Ni kweli, wengi hutia soju kukata shombo. Tangawizi inatosha kabisa. Ila uangalie na gochujang yenyewe: nyingi za dukani hutiwa alkoholi ili isiharibike. Soma kibandiko, au tafuta yenye alama ya halali.

mpishi_Tanga: Ngisi ninao, gochujang sina. Nifanyeje?
— Usihangaike kuiiga, ile imechachushwa. Changanya mafuta ya ufuta na chumvi, uchovye humo. Na ngisi wako mbichi wa leo leo ni bora kuliko wangu wa friza.

Bi Chuku: Marahaba. Mimi ngisi humchanja mistari ya kupishana upande wa ndani kabla ya kumpika, hujikunja kama ua.
— Ndivyo wafanyavyo hapa pia bibi, na mchuzi unashika vizuri kwenye ile mistari. Kisu ukilaze kidogo, usifike upande wa pili.

nahodha_tz: Nimerudia, dakika mbili. Amekuwa laini.
— Safi. Sasa tafuta majani.