Namna ya Kushukuru kwa Tulivyo Navyo, Kuanzia Mferejini

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi, anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi na kula akashiba, lakini ambaye kila jioni akishuka kwenye matatu huhisi kwamba maisha yake bado hayajaanza, na kwamba yataanza siku atakapopata gari, ploti pembezoni mwa jiji au kazi yenye mshahara mnono zaidi. Simlaumu hata kidogo. Nairobi ni jiji linalomwonyesha mtu asichonacho tangu anapotoka mlangoni, kwa mabango ya barabarani, kwa picha za simu na kwa maswali ya jamaa waliotoka nyumbani. Mimi mwenyewe niliishi hivyo kwa miaka mingi, na ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyajaribu mwenyewe pamoja na yale ambayo wanasaikolojia wameyapima.

Kabla ya kuanza, ni vyema kuelewa kwamba moyo wa binadamu huzoea upesi kila unachopewa. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake wawili walichapisha utafiti uliowalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu katika jimbo la Illinois, nchini Marekani, na watu wa maeneo yale yale ambao hawakushinda chochote. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa kuliko wenzao, na mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kula kiamshakinywa, yaliwafurahisha kwa kiasi kidogo zaidi. Kundi lile lilikuwa dogo, lakini yeyote aliyewahi kununua simu mpya anajua jinsi ilivyogeuka kuwa simu tu baada ya mwezi mmoja. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, yaani usiutupe mkeka wako uliochakaa kwa sababu umeona mkeka mzuri wa mpita njia. Ninavyoielewa methali hiyo, haitukatazi kutafuta mkeka mpya, bali inatutaka tuukumbuke huu tunaoukalia, ambao kwa kuukalia kila siku tumeacha kuuona.

Basi nunua daftari dogo la shule na uliweke karibu na kitanda. Kwa juma moja, kila usiku kabla ya kulala, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo, na kando ya kila jambo ueleze ni kwa nini lilitokea. Zoezi hili lilipimwa na mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, na waliolifanya kwa juma moja tu walionyesha furaha zaidi na huzuni pungufu hata miezi sita baadaye, hasa wale walioendelea nalo kwa hiari yao.

Wengi huandika yale mambo matatu na kuliruka lile la sababu, ilhali kwa maoni yangu nguvu yote ya zoezi imo humo. Mtu huandika "nashukuru kwa uzima, kwa familia na kwa kazi", na kesho yake anaandika maneno hayo hayo, na siku ya nne analala kabla ya kumaliza mstari. Shukrani ya jumla haina pa kushika. Andika kitu ulichokiona, ukakigusa au ukakisikia siku hiyo, kisha ufuate mkono uliokileta.

Nitatoa mfano wangu. Mtaani kwetu maji huja kwa mgao, na Februari moja tulikaa siku kadhaa bila tone. Alfajiri moja mfereji wa jikoni ulianza kuguna, ukatema hewa mara mbili, tatu, ukatoa maji ya rangi ya chai hafifu, kisha yakaja meupe na kuanguka kwa kishindo ndani ya mtungi wa lita ishirini. Nilisimama pale nimeshika kifuniko, nikisikiliza sauti ikibadilika kadiri mtungi ulivyojaa. Usiku niliandika, "Maji yalitoka," halafu nikajiuliza kwa nini. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, linalojazwa na mito inayoteremka kutoka milima ya Aberdare. Husafishwa katika mtambo wa Ngethu, kisha husafiri kwa mabomba hadi matangi ya Gigiri kabla ya kusambazwa mitaani. Mvua ilinyesha msituni, mtu akapima dawa ya kusafishia, mwingine akafungua vali, na hapa kwetu kuna mzee anayetunza ploti, ambaye huamka usiku kuwasha pampu ili matangi ya darini yajae. Nilikuwa nimeishi katika jengo lile miaka minne bila kumfikiria.

Juma la kwanza likiisha, punguza. Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona kwamba walioorodhesha neema zao mara moja kwa wiki walifaidika, ilhali walioorodhesha mara tatu kwa wiki hawakufaidika, labda kwa kuwa hata kushukuru huzoeleka. Chagua siku moja, kwa mfano Jumapili jioni, na uitunze.

Wiki ambayo huoni la kuandika, jaribu kuondoa badala ya kuongeza. Mchukue mtu mmoja unayempenda, kisha ueleze kwa maandishi jinsi ambavyo mngeweza kukosa kukutana: kama usingehamia ploti ile, kama siku ile ungepanda matatu iliyotangulia. Hili si sawa na kujilinganisha na wanaoteseka zaidi, jambo nisilolipendekeza hata kidogo, kwa sababu jirani aliyefurushwa nyumbani hakuwekwa pale ili sisi tufurahie paa letu.

Kushukuru pia hakumaanishi kunyamaza. Unaweza kuushukuru mtungi uliojaa leo na kesho ukahudhuria mkutano wa wakazi kudai maji ya kutosha. Na ikiwa huzuni yako ni nzito kiasi cha kukunyima usingizi au hamu ya chakula kwa majuma kadhaa, daftari halitoshi. Tafadhali muone daktari au mshauri nasaha, wala usijilaumu kwamba hukushukuru vya kutosha.

Linalobaki ni kuitoa shukrani hiyo daftarini na kumfikishia mwenyewe. Mtafute mtu mmoja kati ya uliowaandika, awe mwalimu wako wa zamani, mama mboga anayekukatia sukuma wiki nyembamba upendavyo, au dada aliyekulipia karo. Mtajie alilofanya, umweleze lilikusaidiaje, kisha unyamaze umsikilize. Mimi nilimwendea yule mzee wa ploti. Nilimwambia, "Mzee, nimekuja kukushukuru kwa maji, najua huwa unaamka usiku kwa ajili yetu." Aliniangalia kwa muda, akafuta mikono kwenye koti lake, akaniambia kwamba huamka saa tisa kwa kuwa presha huwa nzuri saa hizo, na kwamba mkewe alishazoea kengele ya simu yake. Kisha akanipeleka nyuma ya jengo kunionyesha pampu, akaeleza namna ya kusikia kwa sikio kama inavuta maji au inavuta hewa.

Ukienda kushukuru, usiambatanishe ombi. Mfereji wangu wa bafuni ulikuwa unavuja siku hiyo, nami nilimwambia Jumatano iliyofuata.