Kutengeneza swichi ya taa za breki kwenye gari la kale

Taa za breki zikigoma kuwaka, thibitisha kwanza kwamba kosa ni la swichi. Chomoa nyaya zake mbili, washa gari kwa ufunguo bila kupiga injini, kisha ziunganishe kwa kipande cha waya. Waya mmoja una umeme, na magari mengi ya zamani hayana fyuzi hapo, kwa hiyo usiuache uguse bodi. Taa zikiwaka, swichi imekufa. Zisipowaka, angalia balbu, fyuzi kama ipo, na hasa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kwenye vikombe vya balbu. Kutu hukaa hapo.

Tiba inategemea aina ya swichi. Ile inayovutwa au kusukumwa na pedali hutengenezeka. Ifungue, ng'arisha vigusio (vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme) kwa msasa laini wa namba 600, pangusa vumbi lote, na kama springi imelegea ibadilishe. Ukiirudisha, isogeze mpaka taa ziwake pedali ikishuka kama sentimita 1, na zizime kabisa ukiiachia. Ikikazwa kupita kiasi taa hubaki zinawaka na betri huisha usiku.

Ya haidroliki, kama za Volkswagen Beetle na Morris Minor, hufungwa kwenye masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) au kwenye kiungo cha bomba la breki. Ndani mna kiwambo kinachosukumwa na mafuta ya breki hadi vigusio vikutane. Imezibwa kiwandani, haifunguliwi, inabadilishwa. Ukiona unyevu wa mafuta kwenye vichwa vya nyaya, usiendeshe gari hilo: kiwambo kimepasuka na breki zenyewe zinavuja. Dalili nyingine ya swichi mbovu ni taa kutowaka mpaka ukanyage kwa nguvu sana.

Hakikisha nyuzi za swichi mpya (mizunguko yake ya skrubu) ni za aina moja na za zamani kabla ya kufungua chochote. Nyingi ni za inchi 1/8 zinazonenepa kuelekea juu, ndiyo maana huziba zenyewe zikikazwa. Ukilazimisha utapasua kiungo. Usizungushie utepe wa plastiki, vipande vyake huingia kwenye mabomba. Tandika kitambaa chini, maana mafuta ya breki hula rangi. Fungua ya zamani, funga mpya papo hapo, jaza tangi la mafuta ya breki, kisha toa upepo kwenye mabomba ya breki kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kanyaga kwa nguvu na mwenzako akague uvujaji.

Sasa lililo muhimu kuliko yote. Swichi mpya nayo itakufa mapema ukiiacha ibebe mzigo wote wa taa. Balbu mbili za wati 21 hunyonya ampea 3.5 kwenye volti 12, na ampea 7 kwenye volti 6. Kila ukiachia pedali cheche huchoma vigusio. Weka relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya volti za gari lako: swichi ya breki iwashe koili tu, yaani sumaku ya umeme iliyo ndani ya relei, isiyofikisha hata nusu ampea, na umeme wa taa upite kwenye relei kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 10 (15 kwa volti 6). Chagua relei yenye dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kwa sababu koili ikizimwa hurudisha mshtuko wa umeme kwenye vigusio vilevile unavyotaka kuvilinda. Relei ya dayodi haivumilii nyaya za koili kugeuzwa, na magari kadhaa ya zamani yana upande chanya wa betri umefungwa kwenye bodi, basi hakikisha kabla ya kuunganisha.