Somo: Kuepuka kugongana na ndege nyingine karibu na uwanja

Ndege ndogo zinapogongana angani, mara nyingi ni mchana, hewa safi, karibu na uwanja usio na mnara wa kuongozea ndege. Mara nyingi pia, yenye kasi huifikia ya polepole kutoka nyuma zote zikienda kutua. Maandalizi basi yaanze mapema.

Kwanza, maliza kazi za ndani. Orodha ya ukaguzi, masafa ya redio na upepo viwe tayari ukiwa bado maili 10 kutoka uwanjani. Tangaza ulipo, kimo chako na unachokusudia. Taja jina la uwanja mwanzo na mwisho, maana viwanja kadhaa huweza kutumia masafa yaleyale. Washa taa na transponda, yaani kifaa kinachojibu mawimbi ya rada ili ndege yako ionekane.

Pili, fikia kimo cha mzunguko, yaani njia ambayo ndege huizungukia uwanjani kabla ya kutua, kabla hujaingia. Viwanja vingi ni futi 1,000 juu ya ardhi, lakini hakikisha. Usiingie huku unashuka. Mabawa ya chini humficha aliye chini yako, ya juu humficha aliye juu. Ndege ya mabawa ya chini ikiwa juu ya ile ya mabawa ya juu, marubani wote wawili hawaonani.

Tatu, tazama nje, na hapa ndipo wengi tunahitaji mazoezi. Jicho linalopita mfululizo haliishiki ndege. Gawa anga vipande vya nyuzi 10, tulia kila kipande angalau sekunde 1. Ndege inayohama kiooni itakupita. Iogope ile iliyoganda sehemu moja: hubaki nukta, kisha hukua ghafla. Kuiona, kuamua na kuikwepa huchukua kama sekunde 12.5. Ndege mbili za noti 120 (maili 120 za baharini kwa saa) zikielekeana, muda huo zimekaribiana kilomita 1.5!

Nne, kabla ya kona ya mwisho, tazama upande anakotokea anayekuja kutua moja kwa moja bila kupitia mzunguko. Watsonville, California, tarehe 18 Agosti 2022, Cessna 340 iliyokuja hivyo kwa kasi kubwa iligongana na Cessna 152 iliyokuwa kwenye mzunguko. Watu 3 walikufa, na marubani wote wawili walikuwa wakitangaza redioni.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nina skrini inayoonyesha ndege zilizo karibu. Haitoshi?
Jibu: Haitoshi. Ndege isiyo na kifaa cha kujitangaza huenda isionekane humo. Skrini ikuambie utazame wapi, kisha macho yarudi nje.

Swali: Nikitangaza na asijibu mtu, si uwanja uko wazi?
Jibu: Hapana. Wapo wasio na redio, wapo walio kwenye masafa mengine, na wawili wakiongea pamoja hawasikiki vizuri.

Swali: Tukielekeana uso kwa uso?
Jibu: Kila mmoja akate kulia. Njia zikikatana, mpishe aliye kulia kwako.

Swali: Mwalimu, nasikia aliye chini ndiye mwenye haki ya kutua kwanza.
Jibu: Ni kweli, ila haki hiyo haimruhusu kumkatiza aliye mbele yake wala kumpita akiwa anamalizia kutua. Na ukiwa na haki lakini humwoni mwenzako, acha kutua mapema na uanze mzunguko upya. Unapopanda, usikae juu ya njia ya kurukia ndege. Sogea pembeni ili umwone anayeruka chini yako.