Jinsi ya kudai fidia Marekani pale polisi wa mji na maafisa wa serikali kuu walipokuja pamoja

Watu sita wanaingia nyumbani kwako alfajiri. Wawili wamevaa sare za polisi wa mji, mmoja ni wa sherifu wa kaunti, na waliobaki wana herufi tatu kubwa mgongoni. Ukisimulia baadaye utasema "polisi walikuja", na kwa mazungumzo ya nyumbani hilo linatosha. Kwa dai la fidia halitoshi hata kidogo. Sheria ya Marekani inauliza kwanza: yule aliyekuumiza, aliyekushikilia au aliyevunja mali yako, siku ile alikuwa anatumia mamlaka ya nani? Jibu ndilo linaloamua fomu utakayojaza, ofisi utakayoipelekea na muda ulio nao.

Nimewaandikia wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani, hasa familia zilizotoka Kongo na kupitia kambi kama Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Kwao barua ya serikali ya Kiingereza mara nyingi huwekwa kabatini ikisubiri mtoto arudi shule aisome. Barua za mambo haya hazisubiri.

Hatua ya kwanza: jua alikuwa afisa wa nani

Polisi wa mji na sherifu wanapata mamlaka yao kwa sheria za jimbo. Maafisa wa FBI (upelelezi), DEA (dawa za kulevya), ICE (uhamiaji) au U.S. Marshals (wasakaji wa watoro wa mahakama) wanayapata kwa sheria zilizotungwa na Congress, bunge la serikali kuu (federal). Katika kesi ya Printz ya mwaka 1997, Mahakama ya Juu ilisema serikali kuu haiwezi kuwalazimisha maafisa wa majimbo kuitekelezea programu zake. Kwa hiyo ukiwaona wako pamoja, si serikali kuu iliyowalazimisha, na wanaposhirikiana mara kwa mara, kwa kawaida kuna makubaliano ya maandishi mahali fulani.

Ushirikiano huo una sura tatu. Ya kwanza ni msaada wa kawaida: polisi wa mji wanafunga barabara au wanasimama mlangoni wakati maafisa wa serikali kuu wanafanya kazi yao. Hao kwa kawaida wanabaki kuwa polisi wa mji.

Ya pili ni kikosi kazi. Hapa polisi wa mji anaapishwa kuwa naibu maalumu, kwa mfano chini ya U.S. Marshals au DEA. Mshahara wake bado unatoka mjini, beji ya mji bado iko kiunoni, lakini katika kazi hiyo amebeba mamlaka ya serikali kuu. Vikosi vya FBI vya kupambana na ugaidi vimekwenda kwa mtindo huu tangu kile cha kwanza kilipoundwa New York mwaka 1980.

Ya tatu ni mpango wa 287(g), uliowekwa katika sheria ya uhamiaji mwaka 1996, ambapo polisi au askari wa sherifu wanafunzwa na ICE na kupewa kazi za uhamiaji. Sheria hiyo yenyewe inasema kwamba wakiwa katika kazi hizo wanahesabiwa kuwa watumishi wa serikali kuu kwa madai ya fidia.

Grand Rapids, Michigan, mji wenye Wakongo wengi, unaonyesha kwa nini hatua hii ni nzito kuliko zote. Mwaka 2014 kijana aitwaye James King alisimamishwa barabarani na watu wawili waliovaa kiraia, mmoja wa FBI na mwingine mpelelezi wa polisi wa mji. Alidhani ni wezi, akakimbia, akapigwa vibaya. Hakuwa mtu waliyekuwa wakimtafuta. Mahakama ziliamua kwamba hata yule wa mji alikuwa anatumia mamlaka ya serikali kuu kwa sababu walikuwa kikosi kazi, hivyo sheria ya haki za kiraia ya 1871, inayotumika kuwashtaki maafisa wa majimbo na miji, haikumsaidia King. Katika mji huohuo, Aprili 2022, Patrick Lyoya, mkimbizi kutoka Kongo, aliuawa na polisi wa mji aliyekuwa amesimamisha gari lake. Hapo hapakuwa na kikosi kazi, na familia yake ilifungua kesi ya haki za kiraia dhidi ya afisa na mji. Mji mmoja, na njia mbili tofauti kabisa.

Utajuaje wewe? Anza na karatasi zilizoachwa nyumbani. Nakala ya hati ya upekuzi ina jina la mahakama juu kabisa: ikiwa ni United States District Court, hati ilitoka serikali kuu. Orodha ya vitu vilivyochukuliwa huwa na jina la idara na saini. Kama kuna mashtaka, tazama nani anashtaki: "United States" au jimbo. Karatasi hizi zinakuonyesha nani aliongoza kazi, ingawa hazikuambii kila aliyekuwepo. Kwa hilo, andika barua mbili. Ya kwanza iende polisi wa mji kwa kutumia sheria ya jimbo ya kumbukumbu za umma. Ya pili iende idara ya serikali kuu kwa FOIA, sheria ya kuomba nyaraka za serikali kuu. Katika zote mbili omba vitu vitatu: majina ya maafisa waliokuwepo na idara zao, nakala ya makubaliano ya kikosi kazi, na video za kamera za kifuani.

Barua ya video itume wiki ileile ya tukio. Idara nyingi hufuta video baada ya muda uliowekwa, na ombi lililofika mapema ndilo linaloziokoa. Kwa FOIA sheria inatoa siku 20 za kazi za kujibu, ila mara nyingi inachukua muda mrefu zaidi, na kusubiri jibu hakusimamishi muda wa dai lako.

Hatua ya pili: hesabu siku zako

Dai dhidi ya serikali kuu lazima lifike kwenye idara husika ndani ya miaka 2. Dai dhidi ya mji au kaunti mara nyingi lina muda mfupi zaidi. New York inataka taarifa ya dai kwa mji ndani ya siku 90, na California ndani ya miezi 6 kwa madai ya majeraha. Kesi ya haki za kiraia dhidi ya polisi wa mji ina mwaka 1 tu huko Tennessee na Kentucky.

Kama bado hujajua afisa alikuwa chini ya nani, peleka pande zote mbili, na ufuate muda ulio mfupi. Watu wengi wamekosa haki yao hapa, wakisubiri uhakika huku siku zinakwenda.

Hatua ya tatu: jaza fomu ya SF-95

Hii ndiyo fomu ya dai chini ya sheria ya 1946 inayoruhusu kuidai serikali kuu fidia kwa makosa ya watumishi wake. Haina ada na inapatikana kwenye tovuti za serikali. Awali sheria hiyo haikugusa kupigwa au kukamatwa bila haki. Mwaka 1973 maafisa wa dawa za kulevya walivamia nyumba zisizo zenyewe huko Collinsville, Illinois, na mwaka uliofuata Congress ikaongeza kifungu kinachoruhusu madai ya kupigwa, kufungiwa na kukamatwa isivyo halali na maafisa wa usalama wa serikali kuu. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliifungulia tena mlango familia ya Atlanta ambayo nyumba yake ilivamiwa kimakosa na FBI mwaka 2017. Hawakuhakikishiwa ushindi, lakini kesi yao ilirudishwa isikilizwe.

Kila mtu aliyeumia anajaza fomu yake. Baba, mama na watoto wanne ni fomu sita; ya mtoto inasainiwa na mzazi, na uthibitisho wa uzazi unaambatishwa. Umri mdogo wa mtoto hausimamishi ile miaka 2.

Kisanduku cha 1 ni jina la idara. Kama zilikuwa idara mbili za serikali kuu, zitaje zote.

Kisanduku cha 2 ni jina na anwani. Andika jina lilivyo kwenye hati zako za Marekani, kwa mpangilio uleule, hata kama nyumbani unaitwa kwa jina lingine. Vivyo hivyo tarehe ya kuzaliwa, kisanduku cha 4: wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari, na ndiyo ya kuandika hapo. Kama hali yako ya uhamiaji haijakaa sawa, ongea na wakili kabla ya kuweka anwani yako, kwa sababu fomu inakwenda kwa serikali yenyewe. Wakili akikuwakilisha, anwani yake inaweza kutumika kwa mawasiliano.

Visanduku vya 6 na 7 ni tarehe na saa. Hapa ninawasihi muwe waangalifu sana. Marekani mwezi unatangulia siku: 04/07 ni tarehe 7 Aprili. Na ukimwambia mkalimani "saa kumi na moja alfajiri" akaandika 11:00, umelisogeza jambo mbele kwa muda wa saa sita nzima. Saa kumi na moja alfajiri ni 5:00 AM kwa saa yao. Ripoti ya polisi itaonyesha saa 5, fomu yako itaonyesha 11, na mtu asiyekufahamu ataanza kukutilia shaka kwenye kila sentensi inayofuata.

Kisanduku cha 8 ndicho moyo wa dai. Eleza kilichotendeka kwa mfuatano, kwa sentensi fupi, bila matusi na bila kukuza. Kwa mfano:

"Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa 5:10 AM, maafisa wapatao sita waliingia nyumbani kwangu. Wawili walivaa nguo zilizoandikwa DEA. Mmoja wao alinisukuma ukutani na kunifunga pingu. Nilisema mara mbili kwamba mtu waliyemtaja hakai hapa. Nilibaki na pingu kwa takriban saa moja na nusu. Bega langu la kulia liliumia. Mlango wa mbele na kioo cha sebuleni vilivunjwa."

Usiishie kuandika "walivunja haki zangu za kikatiba". Sheria hii inapima tendo kwa sheria ya jimbo lilipotokea: kupiga, kufungia, kukamata bila sababu, kuharibu mali kwa uzembe. Taja matendo yenyewe. Andika kwanza kwa Kiswahili ukiwa umetulia, kisha mtu mzima anayeaminika akutafsirie. Usimpe mtoto aliyeshuhudia tukio kazi ya kulitafsiri.

Kisanduku cha 9 ni mali: ambatisha risiti au makadirio mawili ya mafundi. Cha 10 ni majeraha: ripoti ya daktari. Cha 11 ni mashahidi.

Kisanduku cha 12 ni kiasi cha fedha, na ndicho kinachoangusha madai mengi. Lazima iwe namba moja kamili katika sehemu ya jumla, 12d. "Zaidi ya dola 10,000" haikubaliki. "Itajulikana baadaye" haikubaliki. Fomu yenyewe inaonya kwamba usipotaja kiasi unaweza kupoteza haki yako. Fikiria pia matibabu yajayo na siku za kazi ulizokosa, kwa kuwa ukienda mahakamani baadaye kwa kawaida huwezi kudai zaidi ya ulichoandika hapa. Lakini usiandike uongo; dai la ulaghai lina adhabu.

Saini kwa wino, weka tarehe, na ujaze maswali ya bima yaliyo ukurasa wa pili.

Hatua ya nne: peleka

Tuma kwa ofisi ya wanasheria ya idara husika, kwa posta inayorudisha risiti ya kupokelewa. Kinachohesabiwa ni siku waliyopokea, na siku uliyotuma haikusaidii. Ukikosea idara wanatakiwa kuihamishia kwenye idara sahihi, lakini saa yako inaendelea kutembea hadi iifikie hiyo. Weka nakala ya kila ukurasa.

Hatua ya tano: baada ya hapo

Idara ina miezi 6. Inaweza kulipa, kukataa au kukaa kimya. Ikipita miezi 6 bila jibu, unaweza kuihesabu kuwa imekataa na kwenda mahakama ya serikali kuu. Ikikataa kwa barua, una miezi 6 ya kufungua kesi, au ndani ya miezi hiyohiyo kuomba idara ifikirie upya.

Kabla ya kufungua kesi tafuta wakili. Sheria inaweka kikomo cha ada yake: asilimia 20 dai likimalizikia kwenye idara, 25 baada ya kesi kufunguliwa. Mwulize waziwazi kuhusu jambo lililomkuta King: hukumu dhidi yako katika kesi ya fidia inaweza kufunga madai dhidi ya maafisa wenyewe. Ukipokea malipo ya idara pia, madai hayo yanafungwa, kwa hiyo usisaini karatasi ya suluhu usiyoielewa. Katika kesi hii hakuna juri, yaani kundi la raia wa kawaida wanaoamua kesi. Jaji ndiye anayeamua, na hakuna fidia ya kumwadhibu aliyekosa.

Barua ya kukataliwa inatumwa kwa posta ya rejesta au inayosainiwa, kwenye anwani iliyo kwenye faili, na miezi 6 inaanza siku ilipotumwa, hata kama ulikuwa umeshahama. Ile fomu ya AR-11 ya kuwaarifu uhamiaji ndani ya siku 10 haipeleki anwani mpya kwa ofisi ya dai. Waandikie wao pia, utaje namba ya dai lako, na karani wa posta akimpa jirani karatasi ya kwamba kuna barua ya kusainiwa, nenda kaichukue siku hiyohiyo.