Mama akija kutoka Mombasa, mpeleke opera

Bi mkubwa alipokuja kutoka Kibokoni kunitembelea, nilimpeleka opera, ule mchezo wa jukwaani ambao kisa chake huimbwa. Mwimbaji hajamaliza hata wimbo wa kwanza, nikamwona mama anahangaika na pembe ya leso yake, anafungua fundo, anatoa noti. "Niache nikamtunze," akaninong'oneza. Ilibidi nimshike mkono. Kwenye taarab angekuwa ameshafika mbele zamani, noti juu, anacheza taratibu kwa kuwa ubeti umemgusa. Opera haina kutunza. Ngoja wimbo uishe ndipo upige makofi, na kama hujui umeisha lini, tazama wenzako.

Nawaandikia wenzangu mlioko nje kwa sababu mgeni akitoka nyumbani tunamzungusha madukani tu, kisha tunashangaa amechoka. Wazee wetu wa Mombasa wamekesha na waimbaji wa taarab, Juma Bhalo na Zuhura Swaleh. Sauti wanaijua kuliko sisi.

Jambo la kwanza ni tarehe. Ulaya na Marekani msimu wa opera huanza Septemba, ukaisha Juni au Julai. La Scala, jumba la opera la Milano, Italia, ina yake: hufungua tarehe 7 Desemba, siku ya Mtakatifu Ambrose. Kiangazi waimbaji huhamia kwenye matamasha kama la Salzburg, Austria, au Verona, Italia, ambako huimbwa usiku nje, ndani ya uwanja wa mawe uliojengwa na Warumi. Kule chukua mto wa kukalia.

Mwimbaji mkubwa hana jumba moja. Mikataba yake hufungwa miaka kadhaa mbele, na maisha yake ni wiki chache mji huu, wiki chache mji ule. Kwa hiyo usianze na jumba, anza na mwimbaji. Tazama tovuti yake, au ingia Operabase, tovuti ya ratiba za opera, uandike jina lake. Utaona msimu wake umepangwa mji kwa mji. Kisha uweke ratiba hiyo kando ya kalenda ya mgeni wako. Visa ya Schengen haiombwi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala usingoje mpaka zibaki chini ya siku 15. Tiketi za jina kubwa hazikungojei upate jibu la ubalozi. Mimi hununua zile za bei ya chini kule juu, visa ikigoma nisilie mara mbili. Na kule juu si pabaya: waimbaji wa opera hawatumii maikrofoni, na sauti nzuri hupanda mpaka darini.

Ukiwa peke yako na huna kitu, Opera ya Taifa ya Vienna huuza nafasi za kusimama kwa bei ya chakula cha mchana. Mama mwenye magoti yake usimpeleke huko.

Ujiandae pia kwa habari mbaya. Koo ni nyama, na nyama hupata mafua. Jina ulilolinunulia tiketi laweza kubadilishwa asubuhi ya siku yenyewe, na kwa kawaida hurudishiwi pesa. Usinune. Januari 2013, mwimbaji Pretty Yende wa Afrika Kusini aliingia jumba la opera la Metropolitan, New York, kuziba nafasi ya mwenzake, akiwa na siku chache tu za kujifunza sehemu yake. Alipotokea jukwaani akajikwaa akaanguka. Akainuka, akaimba, na mwaka 2023 ndiye aliyeimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Uingereza. Waliokuja usiku ule kumsikiliza mwingine sidhani kama wanajuta.

Saa ni saa. Arusi yetu ya saa mbili huanza saa nne, hilo tunalijua na tunalipanga. Huku mlango ukifungwa umefungwa. Mara yangu ya kwanza nilichelewa dakika tano, nikatazama sehemu yote ya kwanza kwenye skrini ya ukumbini, nimesimama karibu na mlango wa choo.

Mavazi yasikutie wasiwasi. Mama alivaa buibui lake, akajifukiza udi, na wazungu wawili wakamuuliza anatumia manukato gani.

Kuhusu lugha: tafsiri hupita kwa maandishi juu ya jukwaa, lakini kwa Kijerumani au Kiingereza, si Kiswahili. Usiku wa kuamkia siku ile, tukikanda unga wa mahamri, nilimsimulia kisa chote cha *La Traviata*, ile ya Verdi ya mwaka 1853. Mahaba, baba mkwe mwenye fitina, mwanamke anayejitoa mhanga. Hakuna alichohitaji kufafanuliwa. Alinisimamisha mahali pamoja tu: "Ana kifua kikuu, na bado anaimba hivyo?"

Mgeni asipopata visa, kuna OperaVision, tovuti inayoonyesha opera mtandaoni, bure. Na kama ni matangazo ya moja kwa moja kutoka London, mhesabie saa vizuri. Onyesho la saa moja usiku kule ni saa nne Mombasa wakati wa baridi, saa tatu wakati wa kiangazi. Mama nilimwambia saa tatu mwezi wa Januari. Alikaa na birika lake la kahawa saa nzima akitazama skrini nyeusi, na alfajiri yake simu yangu ikalia.